Malindi hadi Shela na chupa 31 za udongo

Siku ya kwanza, Malindi

Kazi yenyewe nlipigiwa simu usiku, ati kuna daktari wa udongo anataka gari na dereva siku saba mpaka Lamu na kurudi, nkadhani wananichezea akili manake daktari wa meno namjua, wa macho namjua, wa udongo ndo kwanza naskia. Asubuhi saa moja niko hotelini na mahamri na mbaazi zangu akaja mama wa makamo, kofia ya ukili, buti za mpira, nyuma yake kijana mwanafunzi wake amebeba kekee ndefu ya kutobolea ardhi na kreti la chupa tupu. Nkamwamkia, shikamoo daktari, akanijibu marahaba kaka, twende Sabaki kabla jua halijapanda. Lafudhi nkaijua palepale, Mkamba wa Machakos huyo hakuna kubishana.

Sasa ilikuwa mwezi wa kumi na moja, mvua za vuli zimeanza huko bara, sisi huku tulikuwa tunapata manyunyu tu, lakini mto haungoji mvua ya kwetu. Pale darajani Sabaki maji yalikuwa mekundu kama matofali mabichi, mazito, yanashuka bila hata kelele. Huu mto una majina matatu kama mtu anayekimbia madeni, juu huko unaitwa Athi, ukipita Tsavo ni Galana, ukifika kwetu Sabaki, na Mto Nairobi nao unaingia humohumo na uchafu wake wote. Eneo linalomwaga maji humo ni kama kilomita za mraba 70,000, na kila ng'ombe aliyekanyaga ukingo na kila shamba lisilo na matuta huko juu huwa tunaletewa risiti hapa Malindi.

Nkamtania, daktari huu udongo wenu umetujazia bahari, mje na malori mchukue. Akacheka, alafu akanyamaza, akachota chupa ya kwanza akaandika namba 1.

Ufuoni mjini tulimkuta mzee mmoja anashona nyavu kivulini. Daktari akamuuliza zamani bahari ilikuwa wapi. Mzee hakutumia hata neno, alinyoosha mkono NYUMA yetu, kwenye vichaka, akasema pale mwanangu ndo tulikuwa tukifunga ngalawa. Mi nimezaliwa hapa na siku zote nlijua kuna zile hoteli zilijengwa zikiwa zinapigwa na povu la bahari na leo mgeni anatembea mchangani mpaka anachoka kabla ya kulowa, lakini sikuwahi kuunganisha na Machakos. Nlidhani bahari imejiamulia tu.

Kumbe ushahidi uko hadi chini ya maji. Daktari alisema matumbawe huwa yanaongeza tabaka kila mwaka kama pete za mti, na mto ukileta udongo kuna madini ya bariamu yanaingia humo kwenye tabaka, basi watafiti waliwahi kutoboa tumbawe moja la miaka kama 300 hapa kwenye hifadhi yetu ya bahari, ile ya tangu 1968, wakasoma mwaka baada ya mwaka. Miaka mingi pametulia. Ikianza karne ya 20, wakati wa walowezi na mashamba mapya huko juu, udongo unapanda na haujarudi chini ulipokuwa. Yani jiwe la baharini linajua habari za shamba la bara kuliko mwenye shamba.

Alinitandazia ramani kwenye boneti. Rangi ya kijani, njano, chungwa, nyekundu. Ukanda wetu wa pwani mwembamba ni kijani, ukienda bara kidogo tu inageuka. Nkasema basi sisi tuko salama. Akasema hiyo ni ramani ya hatari ya ardhi kugeuka jangwa kaka, si ya uharibifu, hatari inahesabiwa kwa ukavu na aina ya udongo na mteremko na watu, kuharibika ni kitu kingine, mahali panaweza kuwa kijani kwenye ramani na pameshaharibika, na pengine pekundu pamekaa vizuri tu kwa sababu wenyewe wanajua kupakaa. Hilo neno nliliweka akilini nione kama ni kweli.

Siku ya pili, Marafa

Kutoka Malindi ni kama kilomita 35, barabara ya vumbi jekundu, Probox yangu nyeupe ikawa rangi ya chungwa kabla ya saa nne. Watu wengi mnapajua Nyari kwa picha, yale makorongo yenye rangi ya waridi na nyeupe na njano ambayo wazungu wameyapa jina la jikoni la jehanamu. Wenyeji wanakwambia palikuwa na kijiji cha matajiri waliokuwa wakioga maziwa ya ng'ombe, Mungu akakasirika ardhi ikawameza. Daktari alisikiliza mpaka mwisho bila kutabasamu akasema hiyo hadithi haiko mbali na ukweli.

Yenyewe ni mawe laini ya mchanga, juu kuna tabaka gumu kidogo, mvua ikishapata ufa inakula chini na juu panaanguka, na kila mwaka ukingo unasogea. Hiyo ni kazi ya maumbile, ilianza kabla yetu na itaendelea. Tulilipa kiingilio, kijana wa kutuongoza akatupeleka, picha zikapigwa. Mi nlifikiria tu kwamba huu ni mmomonyoko wa kulipia, ule wa bure uko kwa jirani.

Na kweli ulikuwa kwa jirani. Mwendo mfupi kutoka pale kuna mama wa Kigiriama ana shamba la mahindi na mihogo lenye korongo katikati, mimi nkisimama ndani linanifika kifuani. Hilo si la maumbile. Lilianza na njia ya ng'ombe, ng'ombe wakakanyaga pakawa kama mfereji, mvua ya kwanza ikapita humo, ya pili ikaongeza, miti ya juu ilishakatwa maji yakawa yanashuka bila kizuizi. Daktari akamuuliza kwa upole, mama, miti ilienda wapi? Yule mama akajibu huku anapepeta, "Miti yangu yote ilienda shule."

Hakuna aliyesema kitu. Makaa, gunia kwa gunia, karo ya watoto wanne. Mi mwenyewe napikia makaa na ninayanunua Malindi kila wiki kwa hiyo nliangalia viatu vyangu.

Hapo daktari akageuka mtu mwingine. Akaomba jembe. Akapima kwa jicho na kamba akaanza kuchimba mtaro unaokata mteremko, na udongo anaurusha juu upande wa mlimani siyo chini. Fanya juu. Nlilisikia shuleni hilo jina nikadhani ni la kwenye kitabu, kumbe ni mtaro tu, udongo ukirushwa juu unakuwa tuta, mvua ikija inaleta udongo wa juu unakaa nyuma ya tuta, miaka ikienda shamba linajilalia ngazi ngazi. Ukiurusha chini ni fanya chini, rahisi kuchimba lakini tuta linachelewa kutengeneza ngazi. Udongo wa hapa ni kichanga, akaonya, tuta bila nyasi litabomoka, panda nyasi za ng'ombe juu yake zishike. Tulichimba mpaka adhuhuri, mimi, mwanafunzi, na mtoto wa yule mama aliyerudi shule (moja ya zile miti, nkamwambia mwanafunzi kwa sauti ya chini). Mita kama kumi na tano hivi. Mgongo wangu hadi leo.

Chupa kutoka namba 4 mpaka 9.

Siku ya tatu, Gongoni mpaka Garsen

Mambrui tukapita, Gongoni tukapita, mashamba ya chumvi yanang'aa mpaka macho yanauma. Baada ya Marereni nchi inabadilika haraka sana yani kama mtu amebadilisha chaneli. Minazi inaisha, mikorosho inaisha, vichaka vinakuwa vya miiba, joto linaingia ndani ya gari na kukaa. Malindi tunapata mvua kama milimita 1,000 kwa mwaka, ukifuata hii barabara mpaka Garissa unakuta kama 300 na kitu, na ni safari ya nusu siku tu.

Nkamuuliza daktari sasa wapi ndo jangwa linaanza. Akasema hesabu yao ni hivi, unachukua mvua inayonyesha unaigawa kwa maji ambayo jua lingeweza kunywa kama yangekuwepo. Ikipita 0.65 pana unyevu wa kutosha. Chini ya hapo ni nchi kavu, kati ya 0.2 na 0.5 ni nusu kame, chini ya 0.2 ni kame, na chini kabisa ya 0.05 ni jangwa lenyewe, na hilo la mwisho hawalihesabu kwenye hatari kwa sababu maiti haugui. Sehemu kavu za dunia ni kama asilimia 40 ya nchi kavu yote, na Kenya yetu ni zaidi ya asilimia 80. Mkutano mkubwa wa kwanza wa Umoja wa Mataifa kuhusu kuenea kwa jangwa ulifanyika Nairobi 1977 baada ya ukame wa Sahel, mkataba ukaja 1994. Wakati ule watu wengi waliona Sahara kama kitu kinachotembea, kinakuja na mchanga wake kinafunika mashamba. Siku hizi wanasema hapana, jangwa halitembei, linaota papohapo kama ukurutu, doa hapa doa pale, na kila doa lina sababu yake.

Madoa tuliyaona. Kabla ya Garsen kuna kisima cha mtambo, maji ya mifugo, na pembeni yake ardhi ni upara mtupu, unatembea dakika ishirini ndo unaanza kuona nyasi. Ukiangalia tu utasema ng'ombe ni wengi. Mzee mmoja wa Kiorma aliyekuwa ananywesha mbuzi akatukatalia. Akasema zamani mvua ikinyesha tulihama tukaacha majani ya mtoni yapumzike mpaka kiangazi, sasa huku shamba, kule mradi, kule mpaka, njia za kuteremkia mtoni, zile malka, zinazidi kuzibwa, kwa hiyo ng'ombe wachache wakikaa mahali pamoja mwaka mzima wanamaliza kuliko wengi wanaopita. Kwenye ule ukame wa mvua tano kukosa mfululizo, 2020 mpaka 2022, alibaki na ng'ombe anaowahesabu kwa mkono mmoja.

Na mathenge. Wallahi huo mti. Kando ya barabara umesimama kijani kibichi wakati kila kitu kimekufa, ukiwa mgeni utausifu. Ulipandwa kwa nia njema kabisa, miaka ya 1970 na 1980, kuzuia upepo na kutoa kuni, leo umefunga malisho na maganda yake matamu yanaharibu meno ya mbuzi, kule Baringo watu walienda mahakamani 2006 na mbuzi kibogoyo kama kielelezo. Tena kwenye picha ya satelaiti, mwanafunzi akasema, mathenge inaonekana ni uoto umeongezeka, ardhi inapona. Mzee alipotafsiriwa hilo alicheka mpaka akashika fimbo.

Tairi lilipasuka mara mbili, miiba ya huohuo mti.

Usiku Garsen, nyama ya mbuzi na chapati, daktari akatuambia kwa nini yale maneno ya "ng'ombe wengi" yanamkera. 1938 serikali ya mkoloni ilisema ardhi ya Ukambani imekwisha kwa sababu ya mifugo, ikaanza kukamata ng'ombe za watu kwa nguvu. Wakamba kwa maelfu, wanaume wanawake watoto, wakaenda mpaka Nairobi kukaa huko kudai ng'ombe zao, kiongozi wao Muindi Mbingu. Ng'ombe zikarudishwa. Yeye akakamatwa akapelekwa uhamishoni. Unajua wapi, akaniuliza. Nkasema sijui. "Huko unakonipeleka, Lamu."

Alafu akasema ajabu yenyewe ni hii, wataalamu walishaizika Machakos miaka ya 1930, lakini baadaye watu waliongezeka mara nyingi na mmomonyoko mashambani ukapungua, kwa matuta ya fanya juu, kwa vikundi vya mwethya vya kusaidiana kazi, kwa sababu mazao yalikuwa na soko na shamba lilikuwa la mtu. Nkamuuliza basi ile rangi ya Sabaki inatoka wapi? Akasema matuta hayazuii kila kitu, kuna mifereji ya barabara, kingo za mito zilizochimbwa mchanga wa ujenzi, na watu waliosogea kulima sehemu kavu zaidi kule chini ambako hata matuta hayajafika. Akamaliza chai yake. Sidhani kama hilo jibu lilimtosha mwenyewe.

Siku ya nne, Kipini

Hii siku ndo iliyonigeuza kichwa kwa hiyo nivumilieni.

Tulirudi Minjila tukashika barabara ya Lamu, Gamba, Lango la Simba pale ambapo mafuriko ya 2023 yalikata barabara watu wakawa wanavushwa kwa boti, Witu, alafu tukakata kulia kuteremka Kipini mdomoni mwa Tana. Mi nlitegemea nione Sabaki nyingine, mto mkubwa kuliko wote Kenya si utakuwa umejaza bahari mpaka Arabuni? Ni kinyume. Kipini bahari inakula mji. Kuna kuta zimebaki nusu, minazi imelala na mizizi nje, na mama mmoja akatuonyesha majini mahali alipochezea utotoni.

Sababu ya kwanza daktari alikuwa nayo tayari. Huko juu Tana imejengewa mabwawa matano ya umeme yamepangwa kama ngazi, Kindaruma 1968 mpaka Kiambere 1988, na lile kubwa la juu, Masinga, 1981, ndo linalokamata udongo. Bwawa linajaa tope, mdomo wa mto unakufa njaa. Sabaki haikuwekewa ngazi kama hiyo kwa hiyo sisi tunavimbiwa. Mito miwili, inaanzia bara lilelile, inaingia bahari ileile, mmoja unatupa shibe ya maradhi na mwingine unaleta njaa. Ndiyo maana akisikia mtu anasema "pwani ya Kenya inaharibika" anauliza pwani ipi.

Habari ya pili tuliipata kwa mama wa Kipokomo wa upande wa Ozi, mkulima wa mpunga. Zamani, anasema, mto ulipanda taratibu kwa msimu wake, ukilala shambani unaacha tope jeusi, mkipanda juu yake hamhitaji mbolea. Sasa mto ukipungua, bamvua, yale maji makuu ya bahari, inasukuma maji ya chumvi juu mpaka mashambani, miembe iliyopandwa na babu zake ikakauka imesimama. Na mafuriko yakija siku hizi yanakuja yote kwa siku moja yanachukua mpunga na kuku na godoro. Akamwambia mwanafunzi aonje maji ya mfereji. Kijana alionja akatema. "Haya, pandia mpunga hayo mwanangu."

Kwenye ramani ya daktari pale pana njano hafifu.

Siku ya tano

Barabarani tu. Mpeketoni tulisimama kwenye Ziwa Kenyatta, ambalo kwenye ukame limewahi kukauka hadi viboko wakafia kwenye tope, tulilikuta lina maji na watu wanafua. Vizuizi vya askari vingi, kitambulisho, fungua buti, hii ni nini? Udongo. Udongo wa nini? Wa kupima. Afande mmoja akafungua chupa akanusa. Jioni Mokowe, gari tukaliacha, boti mpaka Amu, yani mji wa Lamu, mikoko pande zote mbili. Zaidi ya nusu ya mikoko ya Kenya yote iko kaunti hii.

Siku ya sita, Shela

Nahodha wetu alikuwa mzee, alikata mikoko ujana wake, bado anataja kwa mpangilio kama anaomba dua, fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Majahazi yalikuwa yanapakia kwenda Arabuni mpaka usafirishaji nje ukapigwa marufuku. Alituonyesha sehemu zilizokatwa zamani ambazo mpaka leo ni tope tupu, na akasema si kila mahali ukikata panarudi, kuna mikoko ukiikata kisiki hakichipui, lazima upate mche mpya, na tope likishakauka na kushika chumvi mche haushiki.

Alafu Shela, na vile vilima vya mchanga mweupe nyuma ya kijiji. Mi mtu wa Malindi nlisema hapa sasa ndo jangwa, hatimaye daktari umepata jangwa lako! Nahodha akanigeukia kama nimetukana. "Mtanga huu ndio tangi letu." Mvua ikinyesha inazama kwenye mchanga, inakaa chini, maji tamu yanaelea juu ya yale ya chumvi kwa sababu ni mepesi, na visima vya hapo ndivyo vinavyonywesha mji wa Lamu. Ukijenga juu yake, ukichimba choo, ukibeba mchanga kwa punda ukauze, au ukivuta maji kwa pampu kuliko mvua inavyorudisha, chumvi inapanda kutoka chini na haishuki haraka. Kwa hiyo kwa Machakos mchanga mtupu ni msiba, kwa Garsen ni dalili ya ugonjwa, kwa Shela ni uhai wenyewe na nyumba za kifahari zinazopanda vile vilima ndo uharibifu wa ardhi. Hiyo haiko kwenye ramani kabisa, nliangalia.

Daktari alipanda mpaka juu peke yake na kekee. Aliporudi mjini jioni alikaa barazani na wazee, akawaamkia, akauliza kama kuna anayekumbuka Mkamba aliyeletwa kufungwa hapa kabla ya vita kuu ya pili. Hakuna. Mmoja akasema walioletwa walikuwa wengi mwanangu, Amu ilikuwa kapu la serikali. Akamiminiwa kahawa, akanywa, wakahamia habari ya bei ya samaki.

Siku ya saba, kurudi

Chupa 31 zilipakiwa Mokowe kwa magazeti na khanga ya zamani ya mke wangu. Matuta ya barabarani pale Witu moja likanipita sijaliona, kishindo. Nkasikia kitu nyuma nkajifanya sikusikia. Malindi tukafungua buti, thelathini nzima, iliyovunjika ni namba 1, tope la Sabaki limeenea mpaka chini ya tairi la spea. Nkaanza kuomba msamaha, daktari akainama akalichota kwa vidole akalitia kwenye mfuko wa plastiki, akasema huu ni wa nyumbani, hauhitaji namba.

Nimeosha buti mara tatu. Bado jekundu.